Anayejua Sukari Ilipo

Mtaani walimwita Kamusi, na jina lilianza kwa kejeli. Ujanani alifanya kazi ya mapokezi katika kampuni ya pampu za maji, na mafundi wa kigeni walioleta pampu hizo hawakujua ila Kihispania. Wenzake waliwachekea na kuongea nao kwa ishara za vidole. Yeye akawa anaandika kila neno lao nyuma ya fomu zilizoharibika. Baada ya miaka mitatu pampu zilikuwa zimekufa zote na mafundi wamekwenda zao, lakini Kihispania kilibaki, pamoja na sanduku la riwaya aliloachiwa na mmoja wao. Chuo kikuu chake kilikuwa hicho, na wenye shahada zao hawakumsamehe.

Kabla ya kuanza kutafsiri alikuwa mshairi. Alitoa diwani mbili za Kiswahili, zikasomwa na ndugu, jamaa na mpiga chapa. Jina alilipata kwa tafsiri, kwa kutoa riwaya katika Kihispania na kuzitia katika Kiingereza, lugha mbili ambazo hakunyonya hata moja. Ukimuuliza aliwezaje, atakupa hotuba ndefu kuhusu mdundo wa sentensi. Usimsikilize. Siri ilikuwa chumba cha mama yake.

Mama yake alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, pembeni bakuli la vifungo, sakafuni vipande vya vitambaa visivyokwisha. Kamusi alikuwa akisoma ukurasa wa Kihispania kimyakimya, anafunga kitabu, kisha anamsimulia mama yake kwa Kiswahili kama anayepiga umbeya. Mguu wa mama ukisimama juu ya pedali, sentensi hiyo ni hai. Cherehani ikiendelea kunguruma, sentensi imekufa na lazima isemwe upya. Halafu ndipo anakwenda kwenye meza yake ukumbini na kuandika Kiingereza.

Kitabu kilichomtoa kilikuwa kifupi. Mjane anaishi peke yake, na kila Alhamisi kuna mtu anayekuja kumtembelea. Anayekuja anaosha vyombo, anapika chai, anakaa, hasemi sana, anaondoka. Mjane hamwiti kwa jina. Alhamisi moja haji, na mjane anatenga vikombe viwili hata hivyo. Basi, kitabu kimekwisha. Mwandishi, bibi mmoja wa ng'ambo, hakusema popote mgeni ni nani. Kihispania kinaruhusu ujanja huo, maana kitenzi kinajitosha, na yeye alikwepa kwa makusudi kila neno ambalo lingefichua kama ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili nacho hakina taabu: anakuja, anaosha, anaondoka, nani atakudai zaidi? Kiingereza hakina subira hiyo. Kabla mtu hajavuka kizingiti, kinataka kujua ni wa kike au wa kiume.

Kamusi akaandika mwanamume. Hakusita hata kidogo. Wakati huo na yeye alikuwa na mgeni wake, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akija kila Alhamisi, akinyoosha miguu na kungoja chai. Moyo ukipenda, hata sarufi hufuata.

Siku ya kusimuliwa, mama yake alikuwa amesimamisha cherehani. Akasema, "Huyo anayekuja ni binti yake. Waligombana tu, hawataki kusema."

Kamusi akacheka. Akamuuliza amejuaje.

"Kaingia mara ya kwanza, kachukua sukari kabatini bila kuuliza. Mwanamume gani anajua sukari ya mtu inakaa wapi?"

"Mama, wewe endelea na vifungo vyako," alisema Kamusi. "Haya ni mambo ya fasihi."

Ulimi hauna mfupa. Mama akakanyaga pedali. Kitabu kikatoka na mwanamume wake, kikapendwa kupita kiasi. Watu waliandika kwamba hawajawahi kusoma mapenzi ya uzeeni yaliyoelezwa kwa upole namna ile. Maharusi walikisoma kwenye kumbi za harusi. Kamusi akavimba kichwa kidogo, nani asingevimba? Vitabu vingine sita vilifuata nyuma ya kile, vyote kwa nguvu ya yule bwana wa Alhamisi. Yule mwingine, wa hesabu, alikuwa keshahamia kwenye chai ya mtu mwingine.

Mwaka wa kumi mchapishaji akataka kukitoa tena, na wiki hiyohiyo barua ikafika kutoka kwa mwandishi. Macho yake hayakuona tena, lakini mjukuu wake alikuwa amejifunza Kiingereza na kumsomea. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Kamusi zaidi. Alisema kitabu ni kizuri ila si chake. "Sikusema anayekuja ni nani," aliandika, "kwa sababu nilidhani kila aliye na mama atamjua."

Kamusi aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akaipeleka kwa mhariri wake, bwana mpole mwenye ofisi iliyojaa vitabu hadi kwenye kiti cha wageni. Mhariri akakuna kidevu. Alisema wasomaji wanampenda yule bwana, kumwondoa ni kama kumuua, na bibi wa watu ni mzee, wala hajaenda kulalamika popote. Akamaliza kwa sauti ya chini, "Dada, ukikiri hili, watauliza na vile vingine sita umevikosea wapi. Kile kipya nilichokuahidi sitaweza kukupa. Nyamaza tu."

Kamusi alirudi nyumbani. Mhariri hakusema uongo, jina lote la Kamusi lilisimama juu ya mtu asiyekuwepo. Lakini njiani kulikuwa na jambo jingine lililomchoma, nalo halikuhusu jina. Kwa vitabu sita, miaka kumi, alimsimulia mama yake kila ukurasa, na mama hakutia neno hata moja. Alikuwa akisema, "Mm, endelea." Kamusi alidhani ni uzee, au ni kuridhika. Kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga mdomo, siku ile ya vifungo. Na vile sita, nani ajuaye vina makosa gani ambayo mama aliyasikia akayameza? Waliosema asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakutaja kwamba huchukua miaka kumi kusikia maumivu.

Asubuhi alimwandikia mhariri kwamba mgeni ni binti, na kwamba mwanzoni mwa kitabu kutakuwa na ukurasa wa kukiri, wenye jina lake mwenyewe. Jibu lilikuja kabla ya mchana, la heshima, mistari mitatu. Kitabu kile kipya kilipewa mtu mwingine.

Alikwenda chumbani kwa mama yake akiwa mikono mitupu. Mama alikuwa akihangaika na uzi mbele ya dirisha, akikosa tundu la sindano. Kamusi akaichukua, akatia uzi, akaketi sakafuni kati ya vipande vya vitambaa. Akasema yote, barua, mhariri, kitabu kilichokwenda. Akasema, "Uliniambia, nikakudharau. Nisamehe, mama."

Mama alivuta uzi, akafunga fundo. 

"Nisomee," alisema.

"Sina kitabu, mama. Wamempa mwingine."

"Kile kile. Toka mwanzo."

Basi akakileta, akasoma kimya, akakifunga, akaanza, mama akikanyaga pedali. Kuna mjane. Ni Alhamisi. Ameketi, na mlangoni mtu anabisha hodi.

Cherehani ikasimama. "Nani huyo?" mama akauliza.

Kamusi akajibu, "Ni binti yake."

"Mwambie aingie," mama alisema. "Sukari anajua ilipo."