Mate ya Fundi Kesho

Jina lake halisi hatulitumii. Ni Fundi Kesho, kwa sababu ukimuulizia nguo yako, hata iwe ya harusi ya mwanao, jibu ni lilelile: "Njoo kesho." Kibanda changu cha kusukia nywele kimepakana na chake, kati yetu ni ukuta wa mbao tu, na hizo kesho zake nimezisikia mpaka masikio yamechoka. Mkewe alikuwa akipiga pasi mlangoni, akimcheka.

Mwalimu wa shule ya jirani alipokutwa ameuawa chumbani kwake, alikuwa amevaa gauni la kijani alilolichukua kwa fundi siku hiyohiyo. Wapelelezi wakapita mtaani wakihoji kila mwanamume. Fundi akawaambia hajawahi hata kumshika mkono marehemu. Vipimo alivichukua kwenye gauni lake la zamani. Walipotaka kumpima vinasaba alifungua mdomo, wakampitishia kijiti chenye pamba shavuni kwa ndani.

"Mate tu? Chukueni, ninayo mengi," akasema, nasi tukacheka.

Majibu ya maabara yakatukata kicheko. Kifuani mwa gauni, penye vifungo, palikutwa mate, na vinasaba vyake vililingana na vya fundi. Wakamchukua. Mpelelezi, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimweleza mkewe mbele yangu: mate ya mumeo yamekutwa kifuani mwa marehemu. Yule mke hakulia. Alichomoa pasi, akakunja shati alilokuwa akilinyoosha, akawachukua watoto, akaenda kwa kaka yake. Mimi nami sikuhisi kitu. Nilirudi kwa mteja wangu nikaendelea kusuka, mikono ikafanya kazi yenyewe.

Fundi alikaa mahabusu akirudia neno moja: sikumgusa. Mwishowe mpelelezi akampa sindano, uzi na kifungo, akamwambia ashone kama anavyoshona siku zote. Fundi akalowesha ncha ya uzi mdomoni, akatunga, akashona, kisha akaukata uzi kwa meno. Hata yeye hakujua kwamba hufanya hivyo.

Ndipo mpelelezi akaja kutuomba nguo tulizoshonewa. Mimi nilitoa gauni langu la zambarau. Zote zilikutwa na mate ya fundi penye vifungo. Na majibu ya ngozi iliyokutwa chini ya kucha za mwalimu, yaliyokuwa yamechelewa, yakamwangukia mpangaji wa chumba cha pili, aliyekuwa wa kwanza kulia msibani, mshenzi yule.

"Kumbe mtaa mzima mmelambwa," mpelelezi alisema aliporudisha nguo zetu. Hakuna aliyecheka.

Fundi alirudi amekonda, akafungua kibanda bila kusalimia mtu. Nilimpelekea gauni langu, maana maabara walikuwa wamekata vifungo vyote. Alichukua uzi, akauinua kuelekea mdomoni, mkono ukaishia njiani. Akauchovya kwenye kikombe cha maji. Akakosa tundu la sindano, akakosa tena. Nilitaka kumsaidia, nikaona haya.

"Dada," akaniuliza bila kuinua uso, "mama watoto anajua?"

"Anajua. Nilimpigia mwenyewe."

"Anajua kwamba ni uzi tu?"

"Nilimweleza yote, mpaka yule mpangaji."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama unakula," nikamwambia. Yaliyobaki nilitamani kuyameza. Nilichezea ukingo wa meza, palipokuwa na pasi ya mkewe, waya wake umezungushwa vilevile alivyouacha.

"Alisema atakuja kesho."

Fundi akaitua sindano.

"Alisema lini?"

"Wiki iliyopita."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akachukua mkasi, akakata uzi mwingine, akaanza upya kutunga sindano.