Nyoka Wangu na Hotipoti ya Mke Wangu

Hadi sasa nina hasira, na hasira yenyewe ni ya nyoka. Ni mtoto wa nyoka asiye na sumu, ninamfuga nyumbani kwangu Kizota, na tangu nimlete alikuwa hajala kitu. Nilimpelekea vitoto vya panya vilaini kabisa, akavipa mgongo kama bosi aliyeletewa chai baridi. Fundi mwenzangu akaniambia baridi hii ya Dodoma ndiyo inamkata hamu, nimtafutie joto. Basi nikamweka na panya wake ndani ya hotipoti ya mke wangu, nikaegesha mfuniko, bila kumwambia mtu.

Mchana mama mkwe akaja kutoka Kondoa bila taarifa. Nikamwamkia, nikamnawisha mikono, na kwa kutaka sifa nikakimbilia jikoni mwenyewe kumletea ugali. Hotipoti zetu ni mbili, zinafanana.

"Karibu chakula, mama," nikasema, nikafunua.

Yule mshenzi aliyenigomea wiki zote hizo alikuwa anakula. Mkia wa panya unaning'inia mdomoni.

Mama mkwe akarudisha mikono yake taratibu.

"Baba Salma," akasema, "naona mwenzangu ameshaanza."