Abiria Niliyempakia Bonde la Luiche

Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua la utosi. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia habari za namna hii hudhani lazima pawe na giza, makaburi na mbwa wanaobweka hovyo. Hapakuwa na mbwa. Tulikuwapo mimi, rafiki yangu Sadiki, baiskeli mbili na mama mmoja. Ukitaka kubisha, bisha, ila nisikilize kwanza.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi, Burundi inawaka na Zaire nayo inafuata. Ukishuka Kigoma mjini uliwakuta watu wamelala ufukweni na mabunda yao, na nyumba nyingi za Ujiji zilikuwa na mgeni asiyejulikana ataondoka lini. Mimi na Sadiki tulikuwa vijana wa Gungu, hatuna mke wala kesi, tukaamua kupanda bonde la Luiche kwa baiskeli, kutoka mashamba ya mpunga huku chini hadi kwenye migomba na kahawa ya Kalinzi. Kufanya nini? Kutembea tu, kuiona nchi yetu.

Sasa kwetu mtu hatembei na baiskeli bure. Baiskeli ni ya mawese, ya mkaa, ya mikungu ya ndizi, ya kumpeleka mgonjwa zahanati. Kila tulipopita tuliulizwa, "Mnauza nini?" Tukijibu hatuuzi kitu, watu wanatazamana. Mzee mmoja alimwambia Sadiki kwamba kama ana nguvu za kuchezea, yeye ana shamba la muhogo linalosubiri jembe. Sadiki alinuna mpaka kijiji kilichofuata, mimi nikacheka mpaka nikakosa pumzi.

Na ukiwa na keria tupu, kile kiti cha chuma cha nyuma, miaka ile ulionekana huna adabu ukimpita mtu anayetembea na mzigo. Kwa hiyo tulikuwa tumeshapakia watu kadhaa njiani. Huyu mama hakuwa wa kwanza, na ndiyo maana sikushtuka.

Alikuwa amekaa kando ya daraja la magogo, kitenge amejifunika kichwa chote kimeshuka mpaka machoni. Sadiki alikuwa nyuma, mnyororo wake umechomoka na anaurudishia. Mama akainuka.

"Amahoro, mwanangu," akanisalimu kwa Kirundi. "Nipakie mpaka kule juu."

"Shikamoo mama. Panda."

Mimi nililelewa Ujiji. Mama usiyemjua humkodolei macho, hasa akiwa amejifunika. Nikatazama usukani wangu, nikamsikia akikaa, akashika pindo la shati langu, tukaondoka. Niamini, baiskeli haikuyumba wala tairi halikubonyea. Nikajisemea moyoni, hii ni njaa. Wakimbizi wengi walikuwa wamekonda hivyo.

Tukawa tunaongea. Unajua mazungumzo ya baiskeli yalivyo, dereva anaongea na njia na abiria anaongea na mgongo.

"Unakwenda kwa nani huko juu, mama?"

"Kuna nyumba ya Muha mmoja, mwenyeji wa huku, Mama Yosefina. Iko kwenye kona, ina michikichi miwili mlangoni. Mwanangu yuko pale."

"Alhamdulillahi. Umempata."

"Nimempata, lakini leo anachukuliwa. Amekuja mwanaume, anasema yeye ni baba yake mdogo. Si ndugu yetu yule. Anakusanya watoto, anawapeleka mbali wakafanyishwe kazi." Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia bei ya dagaa imepanda. "Mwanangu anaitwa Chiza. Pale hawalijui jina lake, hajasema neno tangu alipofika. Wewe walitajie."

"Utawatajia mwenyewe mama, tunafika sasa hivi."

Akasema tu, "Bukuru na Butoyi niko nao mimi. Amebaki huyo."

Kwa asiyeijua nchi yetu niseme kidogo. Huku kwetu, na Burundi pia, pacha hawatafutiwi jina. Wa kwanza kutoka ni Bukuru, wa pili ni Butoyi. Na mtoto anayezaliwa baada ya pacha ni Chiza. Ukisikia mtu anaitwa Chiza huna haja ya kuuliza, unajua mbele yake kuna wawili. Basi mimi nikaelewa kwamba mama ana pacha, labda amewaacha kambini, na huyu ni mdogo wao. Nikafurahi kwa ajili yake, nikakanyaga kwa bidii.

Tukafika kwenye mlima. Mlimani abiria hushuka, dereva akashika usukani, abiria akasukuma kwa nyuma. Akashuka bila kuambiwa. Nikashika usukani, na kumbe mama yule ana nguvu! Baiskeli ilipanda mpaka mimi ndiye nikawa nakimbizwa. Nikamwambia taratibu mama, utanivunja miguu. Tulipofika juu msukumo ukaacha. Nikasema, "Haya, panda sasa," nikageuka.

Hapakuwa na mtu.

Njia yote ya mlima ilikuwa wazi, vumbi tupu na majani yaliyokauka kwa kiangazi. Aliyekuwapo ni Sadiki, mbali kule chini, anajikongoja. Nikadhani mama ameingia kichakani kujisaidia, nikasubiri. Sadiki akafika anahema.

"Unamngoja nani?"

"Yule mama niliyempakia."

"Mama gani? Tangu darajani nakuona unaongea peke yako, nikasema jua limempata. Halafu mlima huu umeupandaje? Ulikuwa unakimbia na baiskeli umeishika mkono mmoja!"

Kisha akanizunguka. Pindo la shati langu, pale aliposhika mama, lilikuwa limelowa chapachapa. Sadiki akasema ni jasho. Jasho la mtu huanzia kwenye pindo? Sadiki alitaka turudi Gungu saa ile ile, na mimi miguu yangu ilikuwa upande wake. Lakini nyumba ya kona ilikuwa inaonekana kutoka pale, na michikichi miwili mlangoni. Nikawaza, kama hakuna mtoto pale, nitajua nina wazimu, nitaoga, nitalala. Na kama yupo?

Alikuwapo. Msichana mdogo amekaa kwenye mkeka, amevishwa gauni jipya linalompwaya, mkononi ana pakiti ya biskuti ambayo hajaifungua. Mama Yosefina alikuwa anamfungashia kijibunda, anafuta machozi kwa upande wa khanga. Majirani wamesimama kumuaga. Na mwanaume amekaa kwenye kigoda, kijana wa heshima, shati limenyooka, anashukuru kila mtu.

Tukasalimiana, maana Waha hata nyumba ikiungua salamu kwanza. Tukaambiwa mtoto aliachwa pale na kundi la wakimbizi waliovuka ziwa kwa mitumbwi wakashukia Kagunga, hajaongea, na pale nyumbani wakamwita Mgeni. Sasa baba yake mdogo amempata.

"Ni mtoto wa kaka yangu," yule mwanaume akasema. "Wa kwanza na wa pekee. Anaitwa Anitha."

Nilichoweza kutoa ni neno moja tu.

"Chiza."

Mtoto aliinua kichwa. Biskuti zikaanguka. Akasimama, akaja moja kwa moja mpaka kwangu, akashika pindo langu lile lililolowa.

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mama Yosefina akaweka kijibunda chini, akamgeukia yule mwanaume kwa upole kabisa.

"Baba mdogo, pacha wa kaka yako walikuwa wa kike au wa kiume?"

"Pacha gani?" akasema.

Basi. Wanaume watatu waliokuwa wameegemea ukuta wakaacha kuegemea. Yule kijana aliondoka haraka sana kwa mtu aliyefiwa na kaka, na hajarudi mpaka leo.

Mtoto alikuwa bado ameshika shati langu. Akaniangalia, akasema neno la kwanza tangu afike nyumba ile. "Mama?" Aliuliza hivyo tu, huku anachungulia nyuma yangu njiani. Nililia mbele ya watu, na Sadiki aliyesema jasho alilia kunishinda.

Baadaye Mama Yosefina alipata habari kutoka kwa watu wa kundi lile. Mama yake Chiza na pacha wake walikuwa kwenye mtumbwi wa nyuma. Haukufika Kagunga. Hayo yalitokea kabla mimi na Sadiki hatujawaza hata kujaza upepo baiskeli zetu.

Chiza alikulia pale pale. Leo ni mama wa watoto, anauza samaki, na ana mdomo kuliko wachuuzi wote wa soko lake. Kila Idi ananiletea migebuka ingawa yeye ni Mkristo. Mwaka aliojifungua mtoto wake wa kwanza alikuja nyumbani, akamweka mtoto mapajani pangu, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Mjomba, mama alikuwaje? Huyu amefanana naye?"

Hana picha. Hakumbuki sura. Mtu pekee anayeweza kumwambia ni mimi. Nikamwambia kuhusu sauti, kuhusu kitenge, kuhusu nguvu za mikono ile mlimani. Akaitikia kwa kichwa, akasubiri niendelee. Sikuwa na zaidi.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, sikuonyi usipakie watu. Wapakie. Lakini adabu yetu ya kuangalia chini iache nyumbani. Kabla hajakaa kwenye keria, mtazame abiria wako usoni, umtazame vizuri, mpaka uweze kumweleza mtu mwingine.