Siku Mita Iliponiumbua Mbele ya Afisa wa Elimu

Nitawasimulia, lakini mcheke kwa kiasi, maana Mama Mwende yuko jikoni na akisikia kicheko atajua ni ile habari ya mita, atakuja hapa kutia chumvi mahali ambapo tayari pana chumvi ya kutosha. Nimewahi kupasukiwa na suruali kanisani wakati wa kutoa sadaka (na nyinyi wengine mlikuwepo, msijifanye mmesahau), lakini ile ilikuwa aibu ya dakika tano, nikafunga sweta kiunoni nikaenda zangu. Hii ya mita nimeibeba mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho, tunakaa mtaa wa Shauri Moyo, chumba kimoja cha halmashauri, mimi na mke wangu Mama Mwende na watoto watatu. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza masanduku ya bati kule ukingoni mwa soko la Gikomba. Mwende, kifunguamimba wetu, alikuwa darasa la saba, na mwisho wa mwaka kulikuwa na ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ukifaulu unaitwa sekondari ya serikali, ukianguka unabaki nyumbani unahesabu magari. Mwende alitaka sekondari moja ya wasichana kwa moyo wake wote. Alikuwa ameandika jina la shule hiyo kwa penseli ukutani juu ya kitanda, mama yake akalifuta, akaliandika tena, mama akalifuta, akaliandika tena kwa kalamu ya wino, mama akachoka.

Sasa, shule yao mwaka uliotangulia ilikuwa imeanguka vibaya sana, wakaletewa mwalimu mkuu mpya, Bwana Gathogo, mtu mfupi mwenye mwendo wa haraka, aliyekuja na mipango yake ya kuinua masomo. Wa kwanza, darasa la saba lote liwe shuleni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wa pili, kila baada ya mtihani orodha ibandikwe kwenye lango, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na (sikilizeni ujanja wa huyu mtu) mbele ya jina la mtoto kuandikwe jina la baba yake. Yaani unatoka kazini umechoka, unapita langoni, unakuta wewe ni namba thelathini na moja! Mimi nilikuwa namba thelathini na moja. Baba Kamau, jirani yangu, dereva wa lori la kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo, alikuwa namba nne, na tangu siku hiyo akaanza kunisalimu kwa kuinua kidevu.

Mpango wa tatu ndio ulionimaliza. Mwalimu mkuu aliita mkutano wa wazazi, akasema watoto wagawanywe kwa vikundi kulingana na wanakoishi, kila kikundi kikae kwa mzazi mmoja jioni, mzazi awasimamie. Halafu akauliza, "Ni nani hapa anayeweza hesabu?"

Baba Kamau akajikohoza, akanitazama, akainua kidevu. Basi mkono wangu ukapanda wenyewe.

Mama Mwende akanivuta koti. "Baba Mwende, wewe uliachia darasa la ngapi?"

"La nne," nikamnong'oneza, "lakini la nne la zamani."

Na kweli, msinidharau, mimi hesabu nilikuwa naijua. Mtu anakuja anataka sanduku la futi mbili na nusu, kimo inchi kumi na tano, mimi bila karatasi nakwambia bati linatoka masanduku mangapi na kipande gani kitabaki cha kutengenezea koroboi. Nikajiona kama profesa. Wakaniandikia watoto sita, pamoja na Mwende.

Jioni ya kwanza walikaa kitandani na juu ya masanduku, nikafungua kitabu chao nikakuta miduara imechorwa inalaliana, ndani yake tarakimu zimemwagwa. Nikauliza hiki ni nini, Mwende akasema ni seti. Nikafunua kurasa nyingine nikakuta mita, sentimita, mita, sentimita, kitabu kizima hakuna futi hata moja! Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, watoto wangu, haya sikufundishwa, tumuulize mwalimu. Mimi nilifunga kitabu.

"Sikilizeni," nikasema. "Mita ni yadi. Serikali imeibadilisha jina tu, kama walivyobadilisha majina ya barabara. Sentimita ni inchi. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Mwalimu!" (Waliniita mwalimu. Jamani, nilisikia joto mpaka kwenye vidole vya miguu.)

Mwende peke yake hakujibu. Baadaye wenzake walipoondoka akaniambia polepole, "Baba, Mwalimu Atieno hafanyi hivyo."

"Mwalimu Atieno ameshawahi kutengeneza sanduku?"

"Hapana."

"Basi."

Nikawatungia wimbo wa kuimba wakipiga makofi, inchi kumi na mbili ni futi, futi tatu ni yadi, na yadi ndiyo mita, oyee! Ulikuwa mtamu, sitawadanganya. Nikawapa rula yangu ya mbao ya kukunjwa wapime kitanda, wapime mlango, wapime mke wangu amesimama na sufuria. Wiki mbili hazikuisha, watoto wa vikundi vingine wakaanza kutoroka kwao na kuja kwangu. Nilimsikia mmoja pale bombani akimwambia mwenzake, "Fathe ya Mwende ni moto, bana, hesabu yake huskii ata ikiingia." Kamau naye akaja, yule wa namba nne, na kidevu cha babake kikashuka. Tukahamia nje kwenye uwanja mdogo kati ya nyumba, ubao wangu bati lililopakwa rangi nyeusi, watoto karibu thelathini wanaimba yadi ndiyo mita mpaka akina mama wanaofua nguo wakaushika.

Mwalimu mkuu akasikia. Akaja mwenyewe jioni moja, akasimama mbali kidogo akaona umati ule, hakusikiliza hesabu yenyewe, aliona tu watoto wamefurahi na mikono iko juu. Akaniambia siku ya wazazi atakuwepo afisa wa elimu, na angependa nije niwaonyeshe wazazi wengine namna ya kumsaidia mtoto. Niliazima tai. Nikamwambia Mama Mwende apige pasi lile shati jeupe, naye akapiga huku akisema, "Haya, profesa." Mwende alikuwa amekaa pale pembeni, akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani ni fahari.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Afisa wa elimu alikuwa mtu mnene mpole mwenye miwani, kakaa mbele karibu na mwalimu mkuu, na Baba Kamau kakaa safu ya pili na kofia magotini. Niliona Mwalimu Atieno, yule binti anayewafundisha hesabu, akiingia na rundo la karatasi za mtihani wa majaribio walioufanya wiki ile, akimwinamia mwalimu mkuu ampe neno, na mwalimu mkuu akimpungia mkono, baadaye, baadaye, mgeni yuko hapa. Laiti angemsikiliza.

Nikaitwa. Nikapigiwa makofi. Mwalimu mkuu akachukua swali moja la ule mtihani akalisoma kwa sauti: kamba ya mita tatu imekatwa vipande sita vilivyo sawa, kila kipande kina sentimita ngapi?

Nikatabasamu, jamani. Nikashika chaki, nikageukia wazazi. "Ndugu zangu, hesabu haitaki hofu. Mita tatu, hizo ni yadi tatu. Yadi tatu ni futi tisa. Futi tisa ni inchi mia moja na nane. Gawanya kwa sita." Nikageukia watoto wangu waliopangwa ukutani. "Ni ngapi?"

"KUMI NA NANE!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Baba Kamau alipiga kuliko wote. Nikaandika 18 kubwa ubaoni, nikaipigia mstari chini, mara mbili.

Afisa wa elimu hakupiga makofi. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mzazi," akasema kwa upole, "mita ngapi umesema ni sawa na yadi moja?"

"Moja, bwana afisa."

"Hazipishani hata kidogo?"

Hapo ningeweza kujiokoa, ningesema sina hakika. Nikasema, "Zinapishana kidogo, kama unene wa kidole." Nikaona haitoshi. "Kile kidogo cha mwisho."

Watoto nao, kwa kuona nimebanwa, wakadhani wanisaidie. Sijui ni nani aliyeanza. Nilisikia makofi, kisha sauti thelathini, inchi kumi na mbili ni futi, futi tatu ni yadi, na yadi ndiyo mita, oyee! Na akina mama wa mtaa wetu kule nyuma wakaitikia oyee! Afisa akashika tumbo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mwalimu mkuu hakujua kama ni ruhusa kucheka, basi akawa anacheka upande mmoja wa mdomo na kukunja uso upande mwingine.

Ndipo Mwalimu Atieno akapata nafasi yake. Akasimama na rundo lake. "Samahani, Mwalimu Mkuu, ndilo nililotaka kukuambia nilipoingia. Jibu ni hamsini. Nina karatasi ishirini na tisa hapa, zote zimeandikwa kumi na nane."

Halafu Baba Kamau akasimama, kofia ikaanguka. "Mwanangu alikuwa wa nne! Wa nne! Umempima kwa futi kama sanduku!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nimesimama pale na chaki, tai ya watu shingoni, natafuta mlango kwa macho. Hayo yote ningeyavumilia, kwa kweli. Kuchekwa si kufa. Lakini Mwalimu Atieno alinisogelea akanionyesha karatasi moja kimyakimya, bila kuitangaza, akasema, "Hii ni ya Mwende."

Kwenye swali lile la kamba Mwende alikuwa ameandika 50. Akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Pembeni akaandika 18.

Jamani, nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia. Nikamtafuta pale ukutani kati ya wenzake, akaangalia viatu vyake. Nikamwita, akaja, nikainama nikamuuliza kwa Kikamba, tukiwa mbele ya watu wote lakini sisi wawili tu, "Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Kwa nini ukaikata?"

"Ulikuwa umewafundisha watu wote," akasema. "Mimi mtoto wako ningeandika lingine, ungeonekanaje?"

Mnaona balaa niliyokuwa nimeitengeneza? Mtoto anataka ile shule mpaka anaharibu ukuta, na yuko tayari kuitupa ili mimi nisiaibike, na mimi nilikuwa naogopa tu kidevu cha Baba Kamau. Nilitamani kulia na nilitamani kucheka. Nikampa chaki.

"Tufundishe," nikamwambia, kwa Kiswahili sasa, ili wote wasikie. "Tuanze na mimi."

Nikaenda nikakaa kwenye dawati la mbele, lile dogo la watoto, magoti yakagonga mbao. Mwende akasimama kwanza kama aliyeshikwa na baridi. Akafuta 18 yangu na ile mistari yake miwili. "Mita moja ina sentimita mia," akasema. "Baba, sema." Nikasema. "Mita tatu?" Nikasema mia tatu. "Gawanya kwa sita." Nikasema hamsini, na afisa wa elimu ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Kikundi kiliendelea, ila mwalimu akawa Mwende na mimi mwanafunzi wa mwisho, nakaa ukingoni mwa kitanda, na nikiinua mkono alikuwa akiniambia, "Ngoja, Baba, wacha wengine wajaribu." Asubuhi ya mtihani wenyewe nilimsindikiza mpaka langoni, nikamwambia neno moja tu. "Andika unachojua wewe. Hata ukiniona nimesimama dirishani nalia, andika unachojua."

Akaandika. Kamau akapita, karibu wote wakapita, na barua ya Mwende ilipofika ilikuwa ya shule ile ile ya ukutani, na mama yake, yule wa kufuta, ndiye aliyelia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza nani amefariki.

Likizo yake ya kwanza kutoka sekondari alirudi na kitabu cha hesabu kinene kama tofali, akakiweka mezani, akakaa, akakunja uso kwenye ukurasa mmoja muda mrefu. Mimi nikasogea. Nikaangalia juu ya bega lake. Sikuona hata tarakimu moja ninayoijua, ni herufi tupu. Nikavuta pumzi niseme neno.

"Baba," akasema bila kuinua kichwa, "mafuta ya taa yanaisha."

Nikachukua chupa nikaenda dukani. Na watoto wake yeye sasa wako shule, wananiita Babu na kunisukumia vitabu vyao, nami nimejiapia mbele ya Mungu na mbele yenu, katika masomo ya mtoto kazi yangu ni kununua mafuta ya taa na kufunga mdomo.