Umeme Uliopotea Kacyiru

Siku yangu ya kwanza kazini, mlinzi wa getini aliniambia mashine iliyomo ndani haili umeme hata chembe: inakokotoa kwa mwanga, na mwanga ni bure. Niliamini mzimamzima. Jioni ile kijiji chetu cha Kabuga kizima kilipata habari hiyo kinywani mwangu, pamoja na mbuzi wao.

Nilikuwa nimevuka hamsini, cheti cha shule ya jioni bado kinanukia wino. Maabara yetu ya Kacyiru ilitengeneza chipu za akili mnemba, ambamo mwanga wa leza hupita kwenye vipete vidogo hata unywele ni mgomba mbele yavyo. Mimi nilisoma mita ya umeme na kushika rimoti ya kiyoyozi, ambacho nilikiweka kwenye baridi kali ili mashine isiungue. Chipu isipotumia umeme kidogo kuliko kompyuta za kawaida, maabara itafungwa.

Mita ilikimbia kama pikipiki isiyo na breki. Mkurugenzi akaja na karatasi yangu ya mita.

"Mzee, umeme huu unakwenda wapi?"

"Unaibwa, Bwana Mkurugenzi." Mwanga si ni bure?

"Na nani?"

Yusufu, mpika chai wetu, alikuwa na birika la umeme. Nikamtaja.

Yusufu alicheka. "Yewe, Mzee Anastazi! Birika moja?" Kisha akaona anacheka peke yake. Akavua aproni, akaikunja vizuri, kama mtu atakayeivaa kesho.

Mita haikupunguza mwendo. Nikasema bila shaka alikuwa na wenzake.

Siku ya kuniaga kwa kustaafu nilisimulia nilivyomnasa mwizi yule, nikaongeza na mbio ambazo hazikuwepo. Watu walicheka. Diane, mhandisi wa chipu, aliyeajiriwa baada ya Yusufu kufukuzwa, hakucheka. Siku hizi nikifika mtaa wa Muhima nauzunguka wote nisipite mbele ya kibanda cha chai cha Yusufu, kwa sababu ya maneno ya binti huyo.

"Mzee, mwanga si bure. Leza inakula umeme. Kila pete ina hita yake, maana ikipoa haiushiki tena mwanga wake. Wewe ukizidisha baridi, hita zinazidisha moto. Wiki uliyokuwa likizo tulipunguza kiyoyozi, mita ikashuka."

"Na Yusufu?"

"Yusufu alichemsha chai tu. Rimoti ulikuwa nayo wewe."