Gorogoro ya Nthenya

Nthenya hakunishinda kwa urembo, wala hakuwa na mdomo mtamu. Naanza na hilo ili msije mkadhani naficha kitu. Kwa miaka mitatu meza yake na yangu zilikaa bega kwa bega katika Soko la Toi. Maharagwe yetu yalitoka kwenye lori moja na bei ilikuwa moja. Hata hivyo, wateja walinisalimu mimi, Sella, vizuri kabisa, kisha wakaenda kupanga foleni kwake. Nilimwonea wivu mpaka chakula cha mchana kikawa hakipiti kooni.

Sababu niliijua. Ilikuwa gorogoro yake, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ambao kila muuza nafaka hupimia. Sisi wengine tulikigonga kitako cha mkebe kwa jiwe kikaingia ndani. Mteja anaona maharagwe yamejaa hadi juu, kumbe chini kuna kilima kinachomla. Karibu soko zima tulifanya hivyo na hatukuona haya, maana watoto lazima wale. Nthenya, huyu Mkamba wa Kitui, kitako cha mkebe wake kilikuwa kimenyooka, na kabla ya kupima alimwambia mteja, "Weka mkono ndani." Kila mteja, kila siku, hata yule aliyenunua jana. Nani alimtuma? Kila mkono ulioingia kwenye mkebe ule ulikuwa unanisema mimi.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Naftaly muuza vitunguu alipenda kusema kila nikipaza sauti kuita wateja. Nilitamani kumtwanga jiwe.

Jiwe nililipeleka kwingine. Wiki moja kabla ya Krismasi ya 2007, soko likiwa limefurika, Nthenya alikwenda kuteka maji. "Mama Kevin, niangalilie meza," akaniambia. Niliiangalia vizuri sana. Nilichukua jiwe la kushikilia turubai, nikainama chini ya meza yake, nikakigonga kitako cha gorogoro yake mara tatu. Siwezi kusema nilijuta. Nilisikia raha.

Mteja wa kwanza aliporudi Nthenya alikuwa Nzilani, fundi wa kushona. Akaingiza mkono kama kawaida, kisha akautoa polepole.

"Ai, Nthenya! Hata wewe umeanza hii maneno?"

Nthenya akaingiza mkono wake. Mimi nilijifanya nachambua mawe kwenye maharagwe, masikio yakiwa yamesimama.

"Ni kweli, imebonyea," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa Naftaly. "Sikuwa najua. Basi leo kila mtu nitamwongezea konzi mbili."

Na akaongeza. Jioni alijaribu kukinyoosha kile kitako kwa mchi, kikakataa. Kesho yake nilidhani atatafuta mkebe mwingine, lakini wateja walikuwa wameshapenda kuuona ule mkono ukirudi guniani mara mbili. Foleni ikafika mbele ya meza yangu, watu wakinipa mgongo. Mimi ndiye niliyemgongea ile biashara kwa mkono wangu!

Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, vita vya makabila vikazuka, na soko letu likateketea. Meza, magunia, mkebe wangu, vyote vikawa majivu. Nthenya alikuwa na magunia mawili nyumbani kwake Kawangware, na gorogoro yake alizoea kurudi nayo kila jioni. Hata kwa moto nilimwonea wivu.

Katika mtaa wa Kambi Muru, ninakoishi, maduka yalifungwa. Yaliyofunguliwa yalipandisha bei mara mbili, na mtu alikuuliza kwenu ni wapi kabla hajakuuzia. Katikati ya Januari nilikuwa nimewalaza watoto siku mbili kwa chai ya rangi. Ndipo Nzilani akaniambia Nthenya anauzia mlangoni kwake, yeyote anayekuja, kwa bei ya zamani. Nilisonya. Kisha nikachukua mfuko nikaenda kwa miguu hadi Kawangware.

Nilipanga foleni kwa Nthenya. Mimi! Mbele yangu walikuwa Wakikuyu, Wakamba, na Waluhya wenzangu, kimya, kila mmoja akiingiza mkono kwenye mkebe zamu yake ikifika.

"Mama Kevin! Kumbe uko hai!" Nthenya alinishika mikono yote miwili. Halafu akanisogezea gorogoro. "Weka mkono ndani."

"Mimi sihitaji, Nthenya. Nakujua."

"Ni ya kila mtu. Weka."

Nikaweka. Vidole vyangu vikayakuta yale mabonyeo matatu, moja kando ya lingine, vile vile nilivyoyaacha. Hakunihimiza. Nilipoutoa mkono, alijaza maharagwe mpaka yakamwagika pembeni, akayamimina kwenye mfuko wangu, akaongeza konzi mbili.

"Hizo ni za kule chini," akasema. Kisha akaongeza ya tatu.

"Na hiyo?"

"Ya Kevin."

Hadi leo sijui kama alijua, na sijathubutu kumuuliza. Nilirudi Kambi Muru na mfuko kichwani, machozi yakinitoka, watu wakidhani nimefiwa. Sikuwahi kumwonea Nthenya wivu kama siku ile. Nilitaka niwe mimi yule anayeongeza.