Kilo Saba kwa Mwezi Mmoja

Ile asubuhi ya sikelo, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu. Sikelo njo jina ambalo wenyeji wetu Wamalawi wanaipa kliniki ya kupima watoto. Unafika mapema, unapanga mstari na wenzako, mtoto anavalishwa kaptula ya kitambaa yenye kamba, anatundikwa kwenye mzani, analia, nesi anaandika, unarudi nyumbani. Siku ile mi nilikwenda na furaha, maana nilitaka kupimwa mimi. Mtoto nilimbeba tu kwa sababu huwezi kwenda sikelo bila mtoto. Umesikia nilivyosema? Hivyo njo nilivyokuwa nafikiri, na mpaka leo nasikia haya.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Tulikuwa tumetoka Fizi, huko Kongo, tumeshakaa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka miaka minne, na nilikuwa fundi wa nguo za wanawake. Kazi hiyo alinifundisha Mama Sifa, mtu wa Uvira, na utalisikia jina lake sana hapa, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kukuambia. Nikamzaa Riziki, mtoto wangu wa kwanza. Unajua wamama wa kwetu wanavyomshika mzazi. Asubuhi wananiletea uji wa soya, saa nne bugali na samaki, mchana bugali tena, jioni uji mwingine, na mmoja anakaa pembeni ya kitanda ananiangalia mpaka sahani iwe nyeupe. "Kula, maziwa ipatikane!" Nikala. Baada ya miezi mitatu nikipanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, mwenyewe anashuka kwenye kila kilima anasukuma, na mi niko juu nacheka. Sikuona ubaya wowote.

Kisha mdogo wangu Esta akachumbiwa Lilongwe, huko Area 18, na kijana wa familia ya Bukavu, watu waliosoma, wanaoingiza Kifaransa hata wakiomba chumvi. Siku ya kutambulishana nilikwenda nimejipamba. Shangazi mmoja wa bwana harusi akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni, akamuuliza mwenzake, wala hakunong'ona:

"Huyu njo dada ya Esta? Mi nilizani ni mama yake."

Wakacheka. Nami nikacheka nao, si unajua mtu anavyocheka akiwa ameumia. Usiku ule sikulala vizuri.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na sikelo, na nesi akaona presha yangu imepanda. Akanipima uzito, akaniambia kwa Kichewa cha polepole ili nishike kila neno: upunguze, ndiyo, lakini kwa sababu unanyonyesha, kilo mbili kwa mwezi zinatosha, usipite hapo, na usikae na njaa. "Pang'ono pang'ono, amayi," akasema, yaani kidogo kidogo, mama. Alirudia mara mbili, kidole juu. Mi nilichosikia ni "upunguze" peke yake.

Kilo mbili kwa mwezi! Harusi ilikuwa imebakiza wiki tano. Nilimwona nesi anachezea muda wangu.

Sasa sikiliza upumbavu wa fundi. Ndugu wa bibi harusi tuligawiwa kitambaa cha sare, cha bluu, kizuri sana. Mteja akija kwangu nampima kama alivyo, hata akilia. Hiyo ilikuwa amri ya kwanza ya Mama Sifa. Amri ya pili: acha kitambaa ndani ya mshono, vidole viwili kila upande, ili mwili ukibadilika nguo iweze kufunguliwa. Nilizishika amri hizo kwa nguo za watu wote. Kwa yangu, nilifungua daftari la zamani nikatafuta vipimo vyangu vya kabla ya ndoa, nikakata kwa hivyo hivyo, na ndani ya mshono sikuacha kitu. Nilifanya makusudi. Nilisema nikijiachia nafasi nitalegea. Mkasi ulipomaliza kupita nilijiona shujaa kabisa.

Na ajabu ni kwamba mfano nilikuwa nao mbele ya macho. Mama Sifa mwenyewe alikuwa mnene kunipita mimi, mpaka daktari alipomwambia ana sukari. Kupungua kulimchukua karibu miaka miwili. Mwezi wa kwanza alitembea kutoka kwake mpaka kanisani na kurudi, basi, kwa sababu magoti hayakutaka zaidi. Baadaye akafika mwisho wa mashamba ya mahindi. Bugali aliipunguza nusu, nafasi iliyobaki kwenye sahani akaijaza lenga-lenga, yaani mchicha, na maharage. Chai bila sukari. Mandazi Jumapili tu, tena moja. Watu wakaanza kusema ana ugonjwa ule, wengine wakaja kumwombea mlangoni. Yeye anawaambia, "Asante kwa maombi, muendelee tu, na mi naendelea kutembea." Hakumkasirikia mtu. Nilimpenda na nilimheshimu kupita kiasi, lakini moyoni nilisema: huyu mama ni mzito wa kuamua. Mi nitamwonyesha.

Shida ni moja. Kambini huwezi kukataa chakula. Jirani akikuita kwenye sahani yake ukasema hapana, kesho yake utasikia umemkasirikia au unaringa. Nikatafuta njia, nikaipata, na ilikuwa mbaya: nilisema nimefunga. Mwezi ule kanisa lilitangaza siku tatu za kufunga na kuomba. Wenzangu walipomaliza, mi nikaendelea. Kutwa nzima si chakula si maji, jioni chai ya rangi na mboga kidogo, nalala. Watu wakaniheshimu, mwanangu! "Mama Riziki ni mwanamke wa maombi." Wakanipa kuongoza maombi ya wamama ya Jumatano. Nikasimama mbele, midomo imekauka, nikaomba kwa sauti, wakasema amina. Mungu anisamehe.

Kwenye cherehani nilianza kuona giza. Siku moja nilishona mkono wa blauzi ya mteja ndani nje, Mama Sifa akaufumua, akaniangalia. Na Riziki akaanza kulia. Ananyonya kidogo, anaachia, analia, anashika tena, anaachia. Majirani wakasema ni tumbo. Mi nikakubali upesi kwamba ni tumbo, maana jibu lile halikuniomba kubadilisha kitu.

Basi, ikafika ile sikelo ya mwezi uliofuata. Nikamwomba nesi anipime mimi kwanza. Kilo saba! Zimeondoka kilo saba kwa mwezi mmoja. Nilipiga kelele ya furaha hapohapo kwenye mstari, wamama wakanipigia makofi.

Nesi hakupiga makofi. Akamchukua Riziki, akamtundika, akaangalia mzani, akamshusha, akamtundika tena. Kisha akampakata, akaniita karibu, akanionyesha kadi kwa ncha ya kalamu. Miezi mitatu mstari ulikuwa unapanda. Sasa ulikuwa umekunja kwenda chini. Mtoto wa miezi minne, badala ya kuongezeka, amepungua. Akaniuliza ananyonya mara ngapi, na mi mwenyewe nakula nini. Nikamjibu kwa sauti ya chini kwamba nimefunga.

Mama Sifa alikuwa kwenye benchi, amekuja kuchukua dawa zake za sukari. Alisikia. Akainuka, akaja mpaka nilipo.

"Uko unafunga juu ya nini?"

"Maombi, Mama."

"Maombi ya Mungu ao ya ile robe ya harusi?"

Nikainamisha macho kwenye kadi ya mtoto.

Hakunipigia kelele. Alimchukua Riziki mikononi mwa nesi, akamlaza begani, akasema, "Mama Riziki, mutoto hakufunga. Ye hakuahidi Mungu kitu. Juu ya nini unamufungisha?"

Hapo nililia kama sijawahi kulia hata siku tulipovuka ziwa kukimbia vita. Nesi akauliza bibi amesema nini, mtu akamtafsiria, akaitikia kwa kichwa. Akaniletea kikombe cha maji na kusimama mbele yangu mpaka nikamaliza. Halafu akanipa amri kwa ufupi: leo unakula, kila siku unakula, maji unakunywa, mtoto unamnyonyesha kila anapotaka, na utamleta hapa kila wiki mpaka huu mstari upande.

Mama Sifa alinifuata nyumbani. Akapika bugali na maharage na samaki, akakaa, akaniangalia nikila. Nikamwomba asiseme kanisani. "Mi sitasema," akajibu. "Utasema we mwenyewe." Na Jumatano nikasimama mbele ya wamama nikasema yote. Wengine walicheka, siwalaumu. Lakini tulipotoka wawili walinivuta pembeni, wakaniambia na wao wanafanya vilevile, na hawajui watokeje.

Gauni lenyewe Mama Sifa alilifungua kutafuta kitambaa ndani ya mshono, akakosa, akaguna. Akaweka vipande vyeupe pande zote mbili, kutoka kwapani mpaka chini. Siku ya harusi nikavaa hivyo hivyo. Yule shangazi aliniona, bila shaka aliniona! "Hii ni mode mupya?" akauliza, yaani mtindo mpya. Nikamwambia, "Njo mode ya mama anayenyonyesha," nikampita kwenda kucheza na mdogo wangu.

Moyo wangu haukuwa huko. Wiki ya kwanza Riziki hakuongezeka kitu. Nilimbeba kurudi nyumbani nikihesabu hatua, naogopa hata kumwangalia usoni. Wiki ya pili mzani ulisogea kidogo sana. Wiki ya tatu nesi alichora mstari kwenda juu, akanigeuzia kadi nione mwenyewe, na safari hii makofi aliyapiga yeye.

Halafu nikaanza upya, nyuma ya Mama Sifa. Alfajiri tunatembea, yeye mbele. Nikiongeza mwendo ananivuta kanga: "Kama huwezi kuzungumuza ukitembea, uko unakimbia. Nani anakufukuza?" Kwanza mwili ulirudisha kilo kama tatu, nikataka kukata tamaa, akaniambia hizo zilikuwa deni la mwili, umeulipa, sasa tuanze. Kuna mwezi nilipunguza kilo moja, kuna mwezi sikupunguza kitu, kuna mwezi mbili. Riziki alipoanza kula vizuri nikaweza kuendelea zaidi kidogo. Ilinichukua mwaka mzima na miezi kadhaa. Presha ikashuka, na mpaka leo haijanisumbua. Mama Sifa bado yupo, anatembea na fimbo, na vijana wanaomsalimia njiani hawajui ni mwanamke wa namna gani anapita mbele yao. Mimi najua. Mtu aliyesemwa miaka miwili na hakuongeza mwendo wala kupunguza, mi sijaona mwenye nguvu kumzidi.

Sasa nyinyi mna simu. Naona mnavyotumiana picha, kilo kumi wiki mbili, chai ya kuyeyusha tumbo inauzwa mpaka mtaa wa Mtandire, Lilongwe. Mwanangu, usiniudhi. Unataka kupungua? Vizuri, pengine hata unahitaji, wala sikucheki. Lakini anza na mwili ulio nao leo, usianze na wa kwenye picha ya zamani. Kama una mimba, au unanyonyesha, au unakunywa dawa yoyote, nenda kwanza kwa nesi, na akikuambia polepole, sikia mpaka neno la mwisho. Kama huna hayo, nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri sana, kilo moja ni mwisho, na wiki ambayo mzani haujasogea si wiki ya kujiadhibu. Punguza bugali, usiiondoe. Tembea. Kunywa maji. Usiweke tarehe ya harusi ya mtu kuwa tarehe ya mwili wako. Na ukianza kuona giza, au kuwadanganya watu juu ya sahani yako, simama hapohapo, maana umeshapotea njia, na wewe si peke yako unayelipa. Kuna mtu anakula kwako. Kama si mtoto, basi ni mume, mama, au kazi ya mikono yako.

Mungu akupe mwili wenye nguvu ya kuwabeba wote aliokupa kuwabeba. Akupe watu wa kukuambia ukweli mbele ya mstari wa watu, na akupe masikio. Akupe miaka mingi, ili usione sababu ya kukimbia. Amina.

Na kama tangu jana hujaweka kitu mdomoni, acha kunisikiliza. Inuka ukale.